Marangu siku 5? Usilipe kabla hujasoma hapa

Mkuu, habari ya viatu na mablanketi iache kwanza. Umeandika mko wanne, mnapanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu mwezi wa 12, na wakala kawaambia siku 5 zinatosha kwa kuwa ni vijana na mnacheza mpira. Maneno hayohayo niliambiwa mimi, nikafurahi kuokoa hela ya siku moja.

Sasa angalia hesabu yenyewe. Usiku wa kwanza unalala kambi ya Mandara, mita 2,720. Wa pili Horombo, mita 3,720. Siku ya tatu unafika kambi ya Kibo, mita 4,720, na saa sita usiku huohuo unaamshwa kukitafuta kilele cha Uhuru, mita 5,895. Mwili umeizoea hewa ile nyepesi ya juu saa ngapi?

Pale Kibo harufu ya supu tu ilinitapisha. Mwongozaji akauliza kichwa vipi, nikamdanganya kiko sawa, nikihofia asinipandishe. Kabla hata ya kufika pango la Hans Meyer, njiani kwenda kileleni, nilikuwa napepesuka kama mlevi, na zipu ya jaketi vidole vimeshindwa kuifunga. Akanigeuza kwa nguvu. Kesho yake, kwenye lile jangwa kati ya vilele vya Kibo na Mawenzi, nikapishana na mama mmoja wa makamo tuliyemwacha Horombo. Yeye alichukua siku 6. Anapanda pole pole, anatafuna karanga, mimi nashushwa nimeshikwa kwapa. Nilipofika Horombo kichwa kikaachia, nikamaliza bakuli zima la uji. Nguvu nilikuwa nazo siku zote; kilichokosekana ni siku moja.

Yule wakala hadi leo nina hasira naye. Mtu anayepeleka wageni mlimani mwaka mzima hawezi kusema hajui. Alitaka bei yake ionekane ndogo kuliko ya jirani, basi.

Laleni Horombo usiku mbili. Siku ya katikati pandeni hadi Miamba ya Pundamilia, juu kidogo ya kambi, mwili uzoee, kisha mrudi kulala palepale Horombo. Na mwenzenu akianza kupepesuka, ashuke saa hiyohiyo, usiku ni usiku. Msimpe panadol mkasubiri kukuche.

Mpigie wakala leo, siku ya sita iandikwe kwenye mkataba. Kama hela haitoshi, sogezeni safari hadi mwezi wa 2 mjichange.