Maswali ya Wasomaji: Ni Nani Walioanza Kubatizwa Uingereza?

SWALI: Mhariri, mwalimu wetu wa historia alitufundisha kwamba Ukristo uliingia Uingereza wakati wa utawala wa Warumi. Katekista wetu anasema uliletwa na wamonaki waliotumwa na Papa mwaka 597. Nani kati yao amekosea? Na je, watu hao walibatizwa kwa hiari au kwa upanga? (Msomaji, Dodoma)

JIBU: Hakuna aliyekosea, kwa sababu kila mmoja anazungumzia watu wengine. Wakati wa Warumi kisiwa kile kilikaliwa na Wabritania, na maaskofu wao watatu walihudhuria mtaguso wa Arles, kusini mwa Ufaransa, mwaka 314. Utawala wa Roma ulipokoma mwanzoni mwa karne ya 5, waliingia Waangli, Wasaksoni na Wajuti kutoka maeneo ambayo leo ni Ujerumani ya kaskazini na Denmark, wakimwabudu Woden na miungu mingine, wakaunda falme ndogondogo kama Kent, Wessex, Mercia na Northumbria. Wabritania wengi wa mashariki walibaki, na baada ya vizazi kadhaa wakawa wanasema lugha ya waliowatawala. Wale wa magharibi walishika lugha na kanisa lao, nao ndio mababu wa watu wa Wales. Jina hilo la Wales limetokana na neno la Kisaksoni lenye maana ya wageni: wenyeji walikwisha kuitwa wageni katika kisiwa chao wenyewe.

Ujumbe wa mwaka 597 ulikwenda kwa hawa waliohamia. Augustino, ambaye si yule mwanateolojia maarufu, askofu wa Hippo huko Afrika ya Kaskazini, alishuka Kent na wenzake wapatao 40 kwa agizo la Papa Gregori Mkuu. Njia ilikuwa imeanza kufunguliwa na mwanamke. Mfalme Æthelberht wa Kent alikuwa amemwoa Bertha, binti wa mfalme wa Wafranki, watu waliotawala nchi ambayo leo ni Ufaransa, kwa sharti kwamba aachiwe dini yake, naye alifika na askofu wake na kusali katika kanisa la Mtakatifu Martin huko Canterbury, ambalo linaendesha ibada hadi leo. Hata hivyo mfalme hakukubali kuonana na wamonaki ndani ya nyumba. Aliketi nje, peupe, kwa kuwa iliaminika kwamba kama wageni wale wana uchawi, wangemweza kirahisi wakiwa chini ya paa moja naye. Alipokwisha kuwasikiliza aliwapa makao, chakula na ruhusa ya kuhubiri, na baadaye akabatizwa.

Kuhusu upanga: mmonaki Beda, aliyekamilisha historia yake ya kanisa la Waingereza mwaka 731, anasema Æthelberht hakumlazimisha mtu, ila aliwapenda zaidi walioamini. Tuipime vizuri hiari hiyo, maana anayeishi kwa fadhila za mfalme huona upesi upendeleo umeelekea wapi. Gregori mwenyewe alimwandikia mfalme akimhimiza abomoe mahekalu, kisha katika mwaka uo huo wa 601 akabadili shauri: sanamu zivunjwe, lakini majengo yanyunyiziwe maji ya baraka na kuwekwa altare, na ng'ombe waliokuwa wakitolewa sadaka kwa miungu wachinjwe kwa karamu siku za watakatifu. Alijua kwamba watu hawang'oki kwa siku moja mahali walipozoea kusali. Mfalme Rædwald wa East Anglia alibatizwa Kent, lakini aliporudi kwake aliweka ndani ya hekalu moja altare ya Kristo na nyingine ndogo ya miungu ya kale. Amri ya mfalme ya kuteketeza sanamu katika ufalme mzima ilitolewa Kent na Eorcenberht, aliyeanza kutawala mwaka 640. Kulazimishwa kulikuwako, basi, lakini kulikuja baadaye na kwa njia ya sheria.

Pengine utajiuliza kwa nini Wabritania, waliokuwa Wakristo tayari, hawakusaidia. Walikuwa na uchungu wa ardhi iliyotwaliwa. Augustino alipowaita maaskofu wao washirikiane naye, walikwenda kwanza kwa mtawa mmoja kuomba shauri. Aliwaambia wamwache Augustino atangulie kufika. Akiinuka kuwapokea, wajue ni mnyenyekevu na wamsikilize. Walipoingia, Augustino alibaki ameketi. Walikataa kila alichowaambia, na makanisa hayo mawili yakaendelea kutengana kwa miaka mingi. Kwangu mimi hilo ndilo tukio la kusikitisha kuliko yote katika historia hii, kwa kuwa hapakuhitajika hoja ya teolojia ili kuliepuka. Adabu ya kuinuka kumpokea mgeni ingetosha.

SWALI: Nimesikia kwamba Mwafrika alishiriki kuwafundisha Waingereza wa kale. Ni kweli? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Ni kweli. Jina lake Hadrian, mzaliwa wa Afrika ya Kaskazini kwa maelezo ya Beda, naye alikuwa abate wa monasteri karibu na Naples. Papa Vitalian alitaka kumfanya Askofu Mkuu wa Canterbury, lakini alijiona hastahili, akampendekeza Theodore wa Tarso, mji alikozaliwa mtume Paulo. Papa alikubali kwa sharti kwamba Hadrian amsindikize. Theodore alifika mwaka 669 akiwa na umri wa miaka 66 hivi. Hadrian alichelewa njiani, kwani mkuu mmoja wa Wafranki alimshuku kuwa mjumbe wa siri wa kaisari wa Konstantinopoli akamzuia. Alipofika alikabidhiwa monasteri ya Canterbury, na wawili hao wakafundisha Maandiko, mashairi, hesabu ya kalenda ya kanisa, Kilatini na Kigiriki. Beda anashuhudia kwamba katika siku zake walikuwako bado wanafunzi wao waliozijua lugha hizo mbili sawa na lugha waliyozaliwa nayo.