Barua kwa mwanangu: Unguja mlale mjini kwanza

Mama, salamu. Mama yako anakusalimia sana, huku Dodoma ni upepo na vumbi kama kawaida lakini sote wazima. Meseji yako ya juzi nimeisoma, umesema wewe na mkwe wangu mmepata likizo ya siku nne na hamjawahi kuvuka bahari, mnataka kwenda Zanzibar, na umeniuliza mlale wapi, muanzie wapi, na kama siku moja ya Mji Mkongwe inatosha alafu zilizobaki mkae ufukweni. Nakuandikia kwa urefu maana kwenye simu mtandao unakatika kila nikianza kunoga.

Siku moja haitoshi. Laleni mjini usiku mbili, tena ndani ya Mji Mkongwe kwenyewe, ndo muende ufukweni, Nungwi au Paje, usiku wa mwisho. Wengi wanashuka bandarini wanazungushwa masaa mawili na jua la saa saba liko utosini, wanapiga picha mbele ya mlango, wanapakiwa kwenye gari kwenda bichi, wakirudi bara wanasema hamna kitu kule ni vichochoro tu. Mji ule una saa zake mwanangu. Alfajiri ya adhana na watu wanafagia vibaraza vyao ni mji mmoja, jioni watoto wanajirusha baharini pale Forodhani ni mji mwingine kabisa, na hizo saa zote mbili aliyelala Nungwi hazioni.

Usafiri saivi umekuwa rahisi. Treni ya umeme, SGR, ilianza kuja Dodoma mwaka 2024, masaa kama manne mko Dar, na stesheni haiko mbali na bandari ya boti, bodaboda au bajaji inatosha. Boti ya mwendokasi ni kama masaa mawili. Mchukue treni ya mapema ili msifukuzane na boti ya mwisho, na kabla ya kulipia muangalie ratiba zote mbili kwa pamoja. Vitambulisho vya NIDA mbebe wote wawili. Na miezi ya kusi, kuanzia Juni hivi, bahari inachafuka, kwaiyo mkwe wangu asipande na tumbo limejaa chipsi, mkae nyuma chini ambako boti hairuki sana.

Sasa muanzie wapi. Mimi nakwambia anzeni Mkunazini, kwenye kanisa la Anglikana, kabla ya Forodhani na kabla ya duka lolote la viungo. Pale ndipo palikuwa na soko la watumwa mpaka lilipofungwa 1873, Sultani Barghash aliposaini mkataba kwa shinikizo la Waingereza, na mwaka huohuo wakaanza kujenga kanisa juu ya uwanja wenyewe, chini ya Askofu Edward Steere. Nje kuna sanamu za watu watano wamesimama shimoni na minyororo shingoni. Ndani kuna msalaba uliochongwa kwa mti wa kule Chitambo, Zambia, pale walipozika moyo wa Livingstone, yule mmisionari aliyeupigia kelele utumwa. Kuna vyumba vya chini pia wanaonyesha, vya giza na dari fupi, na wapo wanahistoria wanaosema jengo lile wamisionari walilijenga baada ya soko kufungwa, kwaiyo uliza maswali, usimeze kila kitu, ila hilo haliondoi hata chembe ya yaliyotokea pale uwanjani.

Na kwa nini nakusisitizia wewe hasa uanzie hapo. Kwa sababu ile habari inapita nyumbani kwetu. Misafara iliyotoka Ujiji na Tabora na pembe za ndovu na watu waliokamatwa ilikatisha Ugogo ndo ikafika Mpwapwa, ikashuka Bagamoyo, ikavuka kwa majahazi mpaka Unguja. Ukweli ni kwamba wengi waliouzwa Mkunazini walitoka upande wa Nyasa wakipitia Kilwa, na wabebaji wengi wa njia yetu walikuwa Wanyamwezi wa kulipwa, lakini njia ya kati ni hii hii. Wagogo walikuwa wanadai hongo, yaani ushuru wa kupita, vitambaa, shanga, nyaya za shaba, maana maji yalikuwa yao na bila maji ya Ugogo msafara haufiki popote. Stanley, mwandishi wa gazeti, alipopita 1871 kumtafuta Livingstone alipita Mvumi, akapita Matumbulu na Bihawana, yaani hapa hapa tunapopandia daladala, na hongo alitoa. Alafu ukifika Shangani ukaoneshwa nyumba ya Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, ujue misafara ya yule bwana nayo iliutafuna mtama wa mababu zetu. Wageni wa Ulaya wanaiangalia ile nyumba kama ya mtu wa mbali. Wewe sio mgeni kwenye ile habari, na sitaki upite pale kama mgeni.

Baada ya hapo tembeeni tu. Mkipotea hamna shida, mji ni mdogo, mtatokea baharini au sokoni Darajani. Angalieni kuta zilivyo nene, ni mawe ya matumbawe na chokaa, na vyumba ni virefu vyembamba kwa sababu boriti za mikoko zina urefu wake, fundi alikuwa hawezi kupanua zaidi ya boriti inavyofika. Adui wa nyumba zile ni maji, paa likivuja chokaa inalainika, na ndo maana mtaona nyumba nyingine zimebaki magofu. Milango ya misumari mikubwa ya shaba wanasema asili yake ni India, kule ilikuwa kuzuia tembo, na mingine ina aya za Kurani juu zimechongwa vizuri mpaka mtu unasimama. Beit al Ajaib, lile Jumba la Maajabu la Barghash la 1883, sehemu yake iliporomoka Desemba 2020, kwaiyo msiweke siku yenu kwa kuitegemea, mwenye nyumba mtakapofikia awaambie hali ikoje. Ngome Kongwe iko jirani, Minara Miwili ya Wakatoliki nayo iko karibu, mtasali Jumapili mkitaka.

Mtu wa kuwatembeza mchukueni siku ya kwanza tu, mwenye kitambulisho cha kazi, mkubaliane bei kabla. Wale vijana wa bandarini wanaoitwa papasi wajibu kwa upole, "ahsante kaka, tumepokelewa", mkaze mwendo. Viingilio semeni nyie ni Watanzania, kuna bei ya mwananchi.

Chakula: Forodhani, kwenye majiko ya jioni, ulizeni bei kwanza, chagueni jiko lenye moto na foleni ya wenyeji. Urojo muule mchana kwa mama wa mtaani, ni mtamu kuliko kule kwa watalii. Jioni nendeni Jaws Corner, mnunue kahawa chungu na kashata, mkae barazani na wazee wanaocheza bao, na mkwe wangu asikilize zaidi kuliko anavyoongea, Kiswahili cha pale kina utamu ambao sisi wa bara tunausikia redioni tu. Mkibahatika kuna taarab usiku, nendeni hata kama mmechoka. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab, mtoto wa kijijini Fumba, alipelekwa Bombay 1928 kurekodi santuri kwa Kiswahili wakati wengine hawajawahi hata kuiona mashine, na ule muziki bado wanaupiga hapo hapo mjini.

Mavazi unajua mwenyewe, mabega na magoti yafunikwe, kanga mbili kwenye begi. Picha za watu muombe ruhusa. Kama ni Ramadhani msile wala kunywa barabarani mchana, na migahawa mingi inafungwa. Masika, Machi mpaka Mei, mngekwepa, mvua ya kule sio hii yetu ya kuhesabu matone.

Watoto waleteni hapa nyumbani Ijumaa kabla ya treni, mama yako keshapanga watalala wapi. Tarehe mkishazipata nitumie nizilinganishe na mwezi mwandamo, na usikate tiketi ya kurudi ya siku hiyo hiyo boti na treni ya usiku, bahari ikichelewesha boti mtalala stesheni.

Baba yako