Kuhusu mama anayesahau na kipimo cha epijenetiki

Pole sana dada. Nimekuelewa: mama anazidi kusahau, unaogopa umerithi, na kuna mtu anakuuzia kipimo cha damu cha epijenetiki (mabadiliko ya kemikali yanayowasha au kuzima jeni bila kuibadilisha jeni yenyewe) pamoja na vidonge vya "kurekebisha jeni".

Usinunue. Mabadiliko yenyewe ni ya kweli: mwaka 2014 watafiti waliripoti kuwa alama za kemikali zinazoitwa methili zimebadilika kwenye jeni ya ANK1 katika ubongo wa wagonjwa wa Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaoleta usahaulifu. Lakini ulikuwa ubongo wa marehemu, si damu ya mtu aliye hai, na alama hizo zinaweza kuwa matokeo ya ugonjwa badala ya chanzo. Hakuna kidonge kilichothibitishwa kuzirudisha zilivyokuwa.

Hela hiyo mpeleke mama hospitali. Aangaliwe upungufu wa vitamini B12, hitilafu za homoni za tezi ya shingo, VVU na sonona. Vyote huvuruga kumbukumbu na vina matibabu. Beba dawa zake zote, hasa za usingizi na mzio, daktari aone kama ndizo zinazomsahaulisha. Akichanganyikiwa ghafla, hiyo ni dharura, usingoje kliniki.

Wewe, kupunguza hatari ya kusahau baadaye, pima presha, sukari, na masikio pia (watu huyasahau). Mzazi kuugua huongeza hatari yako kiasi tu.