Tangi la juu la maji kwenye boti: adui ni hewa

Vijana wengi wanaoanza kazi ya injini za boti wametoka gereji za magari, na hiyo ni faida kubwa. Ila kuna jambo moja linalowapiga chenga karibu wote, na mimi lilinipiga pia.

Chukua injini ya dizeli ya lori, silinda 4. Itoe rejeta na feni, uifunge kwenye boti ya mbao, maji yake yapozwe na mabomba ya shaba yaliyolazwa nje, kando ya mkuku, yaani uti wa chini wa boti. Fundi anajiambia kwamba yale mabomba sasa ndiyo rejeta. Hapana. Rejeta ilikuwa inapoza maji, ilikuwa inayapa nafasi ya kutanuka, na boksi lake la juu ndipo hewa ilipojitenga na maji. Mabomba ya chini yamechukua kazi ya kwanza tu. Mbili zilizobaki ni za tangi la juu, na usipolifunga vizuri, injini itachemsha hata ikiwa imezungukwa na bahari nzima.

Boti ya kwanza niliyoifunga tangi peke yangu ilikuwa ya wavuvi, mita 12 hivi. Ufukweni injini ilinguruma vizuri, nikapokea ujira wangu. Siku ya pili nahodha akanipigia simu akiwa baharini: ananusa rangi inaungua kwenye injini, na nguvu imepungua. Nikamuuliza geji inasomaje. Akasema nyuzi 60. Nikamwambia, "Mzee, iko chini kabisa, endelea tu na safari." Jioni ile boti ilirudi ikivutwa, silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha silinda, imepasuka.

Nilipofungua nilikuta mpira wa kutolea hewa umepandishwa juu ya tangi la dizeli, ukashuka kiasi cha kiganja, kisha ukapanda tena hadi tangi la maji. Niliupitisha hivyo kwa sababu ndiyo ilikuwa njia fupi. Maji yakalala bondeni, hewa ikakwama nyuma yake, na hedi ikabaki na mfuko wa hewa na mvuke. Kihisi cha geji kilikuwa humo humo kwenye mfuko, hakijagusa maji, kwa hiyo geji ilidanganya. Hedi ile niliilipa mimi, na ilikuwa haki.

Tangu siku hiyo, mpira wa hewa naupitisha ukipanda mwanzo hadi mwisho, bila nundu hata moja. Unatosha wa milimita 8. Unatoka sehemu ya juu kabisa ya hedi, upande wa injini kabla ya thamostati (vali inayofungulia maji yakishapata moto), na kuingia juu ya tangi. Na usidhani sehemu ya juu kabisa ni ile ile uliyoizoea kwenye lori. Ndani ya boti injini imelala kufuata mhimili wa rafadha, lile panga linalosukuma boti, mbele iko juu kuliko nyuma, na boti ikishika mwendo omo, yaani mbele ya boti, hunyanyuka zaidi. Weka pima maji juu ya injini, uone mwenyewe. Kwa sababu hiyo hiyo tangi lisogeze upande wa omo, na chini yake iwe juu ya hedi hata boti ikiwa kwenye mwendo.

Mpira wa pili ni mnene, milimita 25 ukiupata. Huu unatoka chini ya tangi na kuingia upande ambao pampu inavuta, kati ya bomba linalorudi kutoka mkukuni na pampu yenyewe. Ukiuunga upande ambao pampu inasukuma, pampu itapandisha maji tangini na kuyamwaga kwa mfuniko. Pampu inataka maji yenye uzito nyuma yake, ndiyo maana tunaliweka tangi juu.

Ukubwa wake upige hesabu. Maji yakitoka nyuzi 27 hadi 90 yanatanuka kama asilimia 3, na kulanti, dawa ya maji ya injini, inaongeza kidogo. Mfumo wa lita 40 utatanuka zaidi ya lita moja. Mimi naweka tangi la lita 6, najaza 4, zilizobaki ni za hewa.

Tangi la kuchomelea liwe la mviringo. Mfuniko unaoshikilia shinikizo la 0.9 bar unasogeza kuchemka kwa maji hadi karibu nyuzi 118, jambo zuri, lakini ubavu bapa wa sentimita 20 kwa 30 utabeba msukumo wa zaidi ya kilo 500. Nimeona matangi ya bati yamevimba kama mkate wa kumimina. Na mfuniko huo usiguswe injini ikiwa moto, hata nahodha akikuharakisha vipi.

Maji ya bahari usiyatie humo kamwe, wala ya kisima cha pwani chenye chumvi. Tia maji safi na kulanti. Kwetu hakuna barafu, lakini shaba, chuma na aluminiamu vikikaa pamoja majini vinalana, na kulanti ndiyo inayovizuia.

Jaza polepole, huku ukiiminya mipira mikubwa kwa mkono. Thamostati isiyo na tundu la hewa itobolewe moja la milimita 3. Injini ikipata moto shika mpira mdogo: ukiwa wa baridi, hewa imekwama mahali. Halafu piga alama ya rangi kwenye usawa wa maji, uangalie kila asubuhi injini ikiwa baridi. Siku mbili za mwanzo maji yatashuka kidogo, hewa ya mwisho ikitoka. Yakiendelea kushuka siku ya tatu na hakuna tone chini, washa injini uchungulie vipovu tangini. Vikiwa havikomi na vinanuka moshi, basi kosa haliko kwenye tangi tena. Fungua hedi, uangalie gasketi iliyo chini yake.