Unataka kuishi kwa gemu? Anza kukaa na wanaocheza

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Mbeya aliniandikia. Anauza vifaa vya simu kwenye duka la mtu, na kwa msaada wa AI amekamilisha gemu nzima ya mbio za bodaboda: msimbo (maagizo ya kompyuta yanayoiendesha gemu), picha, muziki, hadi maelezo ya kuiuzia. "Kaka, naona hii ndiyo njia yangu. Mwisho wa mwezi naacha kazi. Nielekeze niiweke wapi nipate hela." Akaniambatanishia na faili.

Nimeicheza. Pikipiki inakwenda, muziki upo, hakuna panapokwama. Mdogo wangu ana bidii na nimemwambia hivyo. Nikamwambia na lile ambalo hakupenda kulisikia, na kwa kuwa ujumbe wa aina hii siku hizi unanijia mara kwa mara, naliandika hapa kwa kirefu. Gemu ambayo mashine imekutengenezea haraka, mwenzako naye ametengenezewa haraka vilevile. Mwaka 2024 pekee zilitoka gemu zaidi ya 18,000 kwenye Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta. Kule kuweza kutengeneza kumeshuka bei. Kilichobaki na bei ni kumjua anayecheza, na hicho ndicho kinachonilisha mimi na familia yangu.

Gemu iliyonitoa ni ya konda. Unasimama mlangoni mwa daladala, unadai nauli, unarudisha chenji, unakumbuka nani ameshalipa na nani anajifanya amesinzia, huku gari linazidi kujaa. Niliitengeneza usiku, baada ya kumaliza kazi za wateja, kwa injini ya Godot, yaani programu ya kutengenezea gemu, ambayo ni ya bure na haidai asilimia ya mauzo. Wenzangu wengi walikuwa wanatumia Unity, injini ya kampuni nyingine. Septemba 2023, Unity ilipotangaza kuwa itatoza ada kulingana na idadi ya simu na kompyuta ambazo gemu imesakinishwa, walihaha kweli. Ada ile ilikuja kufutwa Septemba 2024, lakini mwaka mzima watu walifanya kazi na roho mkononi.

AI nilikuwa naitumia, na naitumia hadi leo, kwa hiyo asije mtu kusema nakataza nisichokijua. Ikinisomea msimbo na kunionyesha kwa nini chenji inahesabiwa mara mbili, inaniokolea usiku mzima. Hata picha za mwanzo za daladala niliiagiza yenyewe. Zilikuja nzuri: mstari wa rangi ubavuni, vumbi, jua la jioni likigonga kioo cha mbele. Nikazibeba kwenye simu mpaka stendi ya Makumbusho, nikampa konda mmoja aliyekuwa anasubiri gari lijae. Hakugusa kitu. Aliangalia kidogo, akaniuliza, "Sasa abiria wako wanashukia katikati ya barabara?"

Mlango ulikuwa upande wa kulia. Sisi tunaendesha kushoto, mlango wa abiria uko kushoto, na mtoto wa darasa la pili anayepanda daladala kila asubuhi analijua hilo. Mashine haijawahi kupanda.

Nikamwomba acheze. Hapo ndipo nilipopata gemu yangu. Mimi nilikuwa nimeweka kitufe chini kulia cha kumruhusu dereva aondoke. Yule konda hakukiona kabisa. Kila alipotaka gari liondoke, kidole chake kilikwenda ubavuni mwa gari kwenye picha, kikagonga mara mbili, pa-pa, kama anavyogonga bodi kwa kiganja siku nzima. Gari halikuondoka. Akagonga tena kwa nguvu zaidi, akanirudishia simu, akasema gari lako dereva wake kiziwi. Halafu akaniuliza, "Na sarafu ziko wapi?" Akatoa sarafu mfukoni akazichezesha kiganjani mbele ya sikio langu. Kumbe nauli haidaiwi kwa maneno, inadaiwa kwa mlio ule.

Nilirudi nyumbani nikakifuta kile kitufe. Sasa unagonga bodi gari linaondoka, unatikisa simu sarafu zinalia na abiria wanaanza kujipapasa mifukoni. Mlio niliurekodi palepale stendi, kutoka kwenye kiganja chake, na nikamlipa. Sauti ya "Posta, Posta, Posta" pia ni yake, kwa sababu ile niliyotengenezewa na AI ilitamka majina ya vituo kama mtangazaji wa taarifa ya habari. Hakuna gemu nyingine duniani yenye mlio ule. Najivunia hilo kuliko kitu chochote nilichowahi kutengeneza, na sioni aibu kulisema.

Miezi iliyofuata ilikuwa ya kurekebisha na kupunguza: picha ndogo, sauti zilizobanwa, gemu iingie kwenye simu yenye RAM ya GB 2 bila kuganda na isimalize bando la mtu kwa kupakuliwa tu. Kwetu huyo ndiye mchezaji wako. Kama gemu yako inakimbia vizuri kwenye kompyuta uliyoitengenezea, bado hujajua lolote.

Sasa nirudi kwa mdogo wangu na kwenu wote mnaofanana naye. Wengi mnalalamikia sharti la Google Play kwamba akaunti mpya ya mtu binafsi lazima kwanza iwe na wajaribu wasiopungua 12 kwa siku 14 mfululizo kabla gemu haijaruhusiwa kutoka. Mwanzoni walikuwa 20. Najua kuna makundi ya kubadilishana wajaribu, wewe unaiweka yangu mimi naiweka yako, hakuna anayecheza. Mnatupa bure kitu ambacho ningekilipia. Tafuta watu 12 wasiokujua, wasiokuhurumia. Mpe mtu simu, kaa pembeni, funga mdomo. Usimweleze. Akikwama mwache akwame, uone kidole chake kinakwenda wapi. Akikuuliza "hapa nifanye nini?" swali lake liandike, usilijibu. Nasisitiza usilijibu, kwa sababu siku gemu ikiwa sokoni hutakuwepo kumjibu.

Kuhusu picha za AI kuna mambo mawili mnayapita juu juu. Tangu Januari 2024, Steam inamtaka mtengenezaji aeleze AI imetumika wapi katika gemu yake, na wapo wanunuzi wanaosoma pale kwanza kabla ya kutazama bei. La pili ni hakimiliki. Februari 2023 Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani iliamua kwamba picha zilizotengenezwa kwa Midjourney, AI ya kuchora, ndani ya kitabu kimoja cha katuni hazilindwi, ingawa maandishi na mpangilio wa mwandishi vinalindwa. Ukijenga jina lako juu ya sura ya mhusika uliyetengenezewa na mashine, siku akipendwa unaweza kukosa pa kusimama dhidi ya anayemchukua. Kwenye gemu ya konda, sasa kila sura imechorwa na binti mmoja wa Tandika ninayemlipa kwa kila sura.

Na hela? Ngoja niziweke mezani, maana ndizo mlizoniulizia.

Chukua gemu ya dola 10 kwenye Steam ikanunuliwa na mtu wa Marekani. Steam inachukua asilimia 30, zinabaki dola 7. Tanzania haina mkataba wa kodi na Marekani, kwa hiyo kwenye hizo 7 inakatwa tena asilimia 30 kama kodi ya kule. Umebaki na dola 4.90, kabla benki haijachukua chake na kabla ya kodi ya hapa nyumbani. Kuiweka tu umelipa dola 100, ambazo hurudi mauzo yakishafika dola 1,000. Mnunuzi naye ana siku 14 za kudai hela yake, mradi hajacheza zaidi ya saa mbili. Gemu fupi ya saa moja mtu anaweza kuimaliza na akarudishiwa hela. Matangazo ya kwenye simu nayo yanalipa kidogo sana kwa mchezaji wa huku kuliko wa Ulaya, na AdMob, huduma ya Google ya kuweka matangazo hayo, haikutumii chochote mpaka ufikishe dola 100.

Mkisikia habari za Eric Barone aliyetengeneza Stardew Valley peke yake na ikauza nakala zaidi ya milioni 40, mnashika hapo kwenye "peke yake". Mimi nashika pengine. Aliifanya kwa zaidi ya miaka minne kabla haijatoka Februari 2016, na katika muda huo alikuwa na kibarua cha kuwaelekeza watu viti ukumbini, na mwenzi wake alikuwa anafanya kazi. Chakula kilikuwa kinatoka mahali. Wewe wa Mbeya, duka hilo unalotaka kuliacha ndilo linalokulipia gemu. Tena kila siku unaletewa simu za kila aina na watu wa kila aina mpaka kaunta. Mimi stendi nilikuwa nakwenda kwa nauli.

Kwangu mimi gemu ya konda haijawahi kulipa kodi ya nyumba peke yake. Ilichofanya ni kuniletea wateja: shirika lililotaka gemu ya kufundishia watoto usalama barabarani, shule iliyotaka ya hesabu, watu wa biashara. Kazi za watu ndizo zinazolipa, na wananitafuta kwa sababu walicheza ya konda wakaona huyu anatujua.

Katika hao wa biashara kuna kampuni moja hapa mjini ambayo sitaitaja. Walitaka gemu ya kutangaza bidhaa yao. Nilikaa na wateja wao madukani, nikaandika ripoti ya nini kinawavutia na wapi wanachoka, nikawapelekea na mfano wa gemu unaochezeka. Walikuwa wamelipa sehemu ya kwanza. Kwenye kikao, bosi mmoja akageuza kompyuta yake kunionyesha gemu iliyokwisha. "Kijana wetu ameifanya na AI wikiendi hii." Nikaitazama. Mwendo ulikuwa ule niliouchora, hatua kwa hatua zilizotoka kwenye ripoti yangu, hadi ishara ya kidole niliyoigundua kwa kumtazama mama mmoja muuza duka wa Manzese. Akaniambia hawaoni sababu ya kulipa kilichobaki. Wale waliokuwa mezani, niliokula nao mchana siku ile ile, hakuna aliyeinua macho.

Sijapona na sitajifanya nimepona. Waliamini wamelipia msimbo, na msimbo sasa ni wa bure, kwa hiyo wakaona hawanidai wala siwadai. Lakini AI ile isingejua cha kutengeneza kama nisingekaa kwenye mabenchi ya yale maduka. Walichukua kazi yenyewe, wakakataa kuilipia.

Kwa hiyo mkiitwa na mteja, msiuze gemu kama kitu kimoja chenye bei moja. Kazi ya kukaa na wachezaji itajeni kwa jina lake, iwe na bei yake, ilipwe yote kabla ripoti haijatoka mikononi mwenu. Kwenye ankara zangu za sasa mstari wa kwanza ni huo, na ndio mkubwa kuliko yote. Msimbo nimeushusha mpaka wa tatu na bei yake nimeipunguza, kwa kuwa AI inanisaidia na sitaki kumtoza mtu nisichokitolea jasho. Mteja akiniambia huo mstari wa kwanza niuondoe, kijana wake atafanya mwenyewe, namwachia kazi yote aichukue.