Boksi la spika: uchague ubao gani, na hewa huvujia wapi

Boksi la spika linatakiwa lisitetemeke na lisivuje hewa. Ubao huchaguliwa kwa mambo hayo mawili. Urembo utakuja na rangi.

Kwa spika ya kukaa mahali pamoja, MDF (ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa kwa gundi) ya milimita 18 inatosha. Ni nzito, haina vifundo, na hukatika vizuri upande wowote. Adui yake ni maji: kingo zikilowa huvimba na hazirudi tena. Vumbi lake ni baya kwa mapafu, kwa hiyo vaa barakoa na ukatie nje. Spika ya kubebabeba itengenezwe kwa plaiwudi ya tabaka nyingi, maana ni imara zaidi pembeni na skrubu hushika. Kabla ya kuinunua itazame ubavuni; ukiona mapengo kati ya tabaka, iache, kwa sababu hapo ndipo itakapotetemeka besi ikipiga. Mbao nzima, yaani iliyopasuliwa moja kwa moja kutoka kwenye gogo, hupendeza macho, ila hutanuka na kusinyaa kwa unyevu mpaka viungo vinaachia.

Ujazo hupimwa ndani. Wufa, yaani spika ya besi, ikitaka lita 40, sentimita 30 kwa 35 kwa 38 zinatoa lita 39.9. Kwa ubao wa milimita 18, vipimo vya nje vinakuwa 33.6 kwa 38.6 kwa 41.6. Kisha ongeza nafasi inayoliwa na sumaku, bomba la hewa na mbao za kukaza. Wengi husahau hili, ndipo boksi linakuwa dogo.

Paka gundi ya mbao ukingo mzima, bana kwa klempu, acha usiku kucha. Ukitumia skrubu kwenye ukingo wa MDF, toboa kwanza kwa keekee, la sivyo ukingo utapasuka. Unganisha kuta mbili kubwa kwa ubao wa kukaza, usiwe katikati kabisa, ili vipande vyote viwili vya kila ukuta visitetemeke kwa sauti moja. Gonga ukuta kwa kifundo cha kidole: mlio mfupi na mzito ni mzuri, ukilia kama ngoma, ongeza ubao.

Kwa boksi lililofungwa, yaani lisilo na bomba la hewa, sukuma koni (sehemu ya mbele ya wufa inayocheza) taratibu kwa vidole vya mikono miwili, kisha iachie. Ikirudi polepole, hewa imezuiwa. Ikiruka papo hapo, kagua kwanza tundu la waya, kisha mpira chini ya fremu ya wufa. Ukiziba kwa silikoni yenye harufu ya siki, iache ikauke siku nzima kabla ya kufunga wufa, kwani mvuke wake huozesha chuma.