Kununua pointi za mapumziko hotelini: je, ni halali, na je, tuingie?

SWALI:

Assalaam alaykum warahmatullaahi wabarakaatuh. Sheikh, mimi ni mfanyakazi wa bandarini hapa Dar es Salaam, naishi Tabata, nina mke na watoto wanne. Mwezi uliopita tulipigiwa simu kwamba tumeshinda chakula cha usiku na vocha ya kulala siku mbili hotelini Zanzibar, sharti twende wote wawili, mume na mke, tukasikilize maelezo. Kufika, tukakuta ni taimusheya: unanunua uanachama wa miaka 30, kila mwaka unapewa pointi 5,000 za kulala kwenye hoteli zao, za hapa nyumbani na za nchi nyingine. Bei ilianzia milioni 30, ikashuka hadi 24, mwisho 18, lakini kwa usiku ule tu. Kila baada ya muda kengele inapigwa, watu wanapiga makofi, tunaambiwa kuna familia imejiunga. Kianzio ni milioni 4. Milioni 14 zinazobaki ni mkopo wa miezi 36 kwa riba ya asilimia 1.5 kwa mwezi. Halafu kuna ada ya matengenezo kila mwaka. Mke wangu ameipenda sana. Tuliacha arbuni ya laki 5 ili ofa itusubiri wiki mbili. Picha za mkataba nimekutumia. Je, biashara hii ni halali? Na ile vocha tuitumie? Na nikijitoa, laki 5 yangu ni haki yangu?

JIBU:

Wa alaykumus salaam warahmatullaahi wabarakaatuh. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na sahaba zake.

Nimeusoma mkataba wako wote, hata zile kurasa za nyuma zenye maandishi madogo. Jibu langu kwa ufupi: taimusheya kwa asili yake si haramu, lakini huo mkataba ulionitumia usiuwekee sahihi. Sasa nikueleze sababu, maana wapo watakaokuambia "ni haramu" bila kuangalia na wapo watakaokuambia "ni hoteli tu, kuna nini", na wote wawili hawajakusaidia.

Anayenunua taimusheya huwa ananunua kimoja kati ya viwili: ama sehemu ya jengo lenyewe, ama manfaa yake, yaani haki ya kukaa kwa muda fulani. Kuuziana manfaa kwa muda maalumu ndiyo ijara, na dalili zake ni nyingi. Katika Suratul Qasas tunasoma mapatano ya Nabii Musa (a.s.) na yule mzee wa Madyan: kazi inajulikana, muda ni miaka minane, na akitimiza kumi ni hiari yake. Watu kushirikiana kitu kimoja na kupeana zamu za kukitumia, mafakihi wetu wanaita muhaya'a, na wamekuwa wakiizungumzia karne nyingi kabla hoteli za mapumziko hazijawa biashara. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha 18 kilichofanyika Putrajaya, Malaysia, mwaka 2007, liliizungumza taimusheya kwa jina lake. Likakubali kununua au kukodi sehemu ya namna hiyo, na likakubali hata wenye zamu kubadilishana wao kwa wao au kupitia kampuni za mabadilishano, kwa sharti kwamba masharti ya kisharia ya mauzo au ya ijara yametimia.

Nikuambie pia, kwa kuwa wengi wetu hapa pwani ni Shafi, kwamba madhehebu yetu ni mazito zaidi katika jambo hili. Kwa Shafi, nyumba hukodishwa nyumba maalumu inayojulikana, haikodishwi kwa sifa tu. Na ijara ya muda utakaoanza baadaye hawaikubali, ila kwa ambaye tayari ni mpangaji wa nyumba hiyo. Jamhuri ya wanazuoni wengine, yaani wengi wao, wameukubali muda wa mbele, na baraza limeufuata upana huo. Mimi sioni ubaya mtu kuuchukua upana huo katika zama hizi, maana hata kubuku chumba cha hoteli kwa mwezi ujao kumejengwa juu yake. Lakini ukichukua upana, chukua na masharti yake.

Na hapo ndipo pointi zinapoleta matatizo.

Mfumo wa zamani ulikuwa wa wiki: hoteli fulani, chumba cha aina fulani, wiki fulani ya mwaka. Hiyo inajulikana. Pointi zilikuja kumpa mnunuzi uhuru wa kuchagua. Hapimag ya Uswisi ilianza mwaka 1963 na utaratibu wa kutofungwa na nyumba moja, na Disney ya Marekani ilipoanzisha klabu yake mwaka 1991 iliijenga juu ya pointi. Uhuru huo ni kitu kizuri, sikatai. Lakini pointi yenyewe si chumba wala si siku. Inapata maana kwenye jedwali tu, lile linalosema wiki moja ya msimu mkubwa ni pointi ngapi na ya msimu wa mvua ni ngapi. Katika mkataba wako, leo pointi 5,000 zinakupa wiki moja Zanzibar mwezi wa Desemba. Sasa fungua ukurasa wa 7, kifungu kinachosema kampuni inaweza kulibadilisha jedwali la pointi wakati wowote na kwamba upatikanaji wa vyumba hauna dhamana. Huyo ni kama muuza vitambaa aliyekuuzia yadi tano, ukalipa, kisha akabaki na haki ya kuifupisha yadi kila anapotaka.

Imepokewa na Muslim kutoka kwa Abu Huraira (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) amekataza mauzo ya gharari, yaani yenye utata usiojulikana mwisho wake. Gharari ndogo husamehewa, hakuna biashara isiyokuwa nayo. Hii si ndogo. Kinachouzwa chenyewe ndicho hakijulikani, kwa miaka 30. Lau jedwali lingefungwa, au likaruhusiwa kubadilika kati ya misimu bila jumla ya pointi za mwaka mzima kuongezeka, ningezungumza nawe kwa namna nyingine.

Ada ya matengenezo ina kasoro ya aina hiyohiyo. Katika ijara, matengenezo ya msingi ambayo bila hayo nyumba haikaliki ni juu ya mwenye mali; yale ya uendeshaji na ya kila mara yanaweza kushurutishwa kwa mpangaji yakijulikana, na baraza limesema hivyo hivyo. Mkataba wako umekubebesha yote, paa na bomba kwa pamoja, na kiwango "kitapangwa na uongozi". Tena wameiandika kwa dola, ilhali kanuni za mwaka 2025 zimekataza huduma za hapa nchini kutozwa kwa fedha za kigeni. Hilo kawaulize kwanza.

Riba sitaikalia sana, kwa sababu haina mjadala. Kuuza kwa awamu kwa bei ya juu kuliko ya taslimu kunajuzu, bei ikishakatwa moja mkaachana nayo: wangekuambia taslimu milioni 18, kwa awamu milioni 22, ukachagua, isingekuwa riba. Lakini mkataba wako unasema wazi kuwa milioni 14 ni mkopo wa kampuni nyingine ya fedha, una asilimia 1.5 kwa mwezi, na ukichelewa rejesho inaongezwa faini juu ya deni. Hii ndiyo ile ile ambayo Mwenyezi Mungu amesema katika Suratul Baqara, aya ya 275, kuwa amehalalisha biashara na ameharamisha riba. Hata kama kasoro nyingine zote zingeondoka, hii peke yake inatosha kuuzuia mkono wako.

Sasa weka fiqhi pembeni kidogo, tupige hesabu, kwa sababu kuna watu watakwenda kutafuta milioni 18 taslimu ili wakwepe riba na kudhani mambo yamekwisha. Jedwali la marejesho waliloambatisha linahesabu riba kwa deni lote la mwanzo: shilingi 210,000 kila mwezi, mara 36, ni 7,560,000. Jumla utakuwa umelipa 25,560,000. Gawa kwa miaka 30, ni 852,000 kwa mwaka. Ongeza ada, ambayo afisa mauzo aliwatajia kuwa kama laki 6 na nusu, unafika milioni 1.5 kwa mwaka kabla hujapanda boti, kabla watoto hawajala. Na ada haikai palepale. Ikipanda asilimia 5 tu kila mwaka, mwaka wa 30 itakuwa imepita milioni 2.6. Mwaka ambao mtoto anaumwa au zamu zako bandarini zimepungua, hukwenda popote, ada unadaiwa vilevile. Kwa pesa hiyo familia inakodi chumba mwaka inaotaka, na mwaka isiotaka inakaa nyumbani bila kudaiwa na mtu.

Usidanganywe kuwa ni uwekezaji. Marekani, ambako biashara hii imekomaa, wapo wanaoweka taimusheya zao mtandaoni kwa dola 1 ili tu mtu awapokelee mzigo wa ada, na kumezuka matapeli wanaodai pesa ya mbele kwa ahadi ya kukutoa kwenye mkataba. Mkataba wako unakukataza kuuza bila idhini yao. Pia una kifungu kinachosema wajibu wa ada utahamia kwa warithi. Kisharia, ijara haivunjiki kwa kifo kwa Shafi, kwa hiyo manfaa yaliyobaki warithi wanayarithi. Lakini deni la marehemu hulipwa kutoka kwenye tirka yake, yaani mali aliyoiacha, watoto hawabebeshwi kwa mali yao wenyewe. Kifungu hicho kwetu hakina nguvu, ingawa mahakamani kinaweza kuwasumbua wanao.

Kuhusu usiku wenyewe ulivyokwenda. Bei iliyoshuka milioni 12 ndani ya saa chache haikuwa bei tangu mwanzo. Na hizo kengele na makofi, kama waliopigiwa ni watu wa kampuni waliopangwa, basi ni najashi, aliyoikataza Mtume (s.a.w.): mtu kujifanya mnunuzi ili kumvuta mwingine. Sina ushahidi, siwahukumu. Ninachojua ni kwamba sahaba Habban bin Munqidh (r.a.) alikuwa akipunjwa katika mauzo, Mtume (s.a.w.) akamwambia, "Ukiuziana sema: hakuna kulaghai," na katika baadhi ya mapokezi akampa hiari ya siku tatu. Ndiyo maana madhehebu ya Shafi yanaruhusu kushurutisha hiari ya kurudisha, isizidi siku tatu. Nchi zilizoumwa na biashara hii zimefika hapohapo kwa njia yao: Umoja wa Ulaya unampa mnunuzi wa taimusheya siku 14 za kujitoa bila kutoa sababu, Florida siku 10. Katika mkataba wako nimekitafuta kifungu kama hicho, sikukiona. Muuzaji anayekunyima hata usiku mmoja wa kulala na kufikiri na mkeo mpaka uache arbuni, anajua kwa nini.

Vocha ni halali yenu. Hamkutoa pesa kuingia kwenye bahati, kwa hiyo si kamari, hata kama neno "mmeshinda" lilikuwa la kuwavuta tu. Mliahidiwa kitu kwa kuja kusikiliza, mkaja, mkasikiliza. Ni ujira wa jambo mlilolitimiza. Itumieni bila wasiwasi, na mama watoto apumzike, naye ana haki yake. Aliyoyapenda usiku ule, bahari na watoto kuogelea, si mabaya, ila yanapatikana bila mkataba wa miaka 30. Hukuniambia kama mmeshahiji. Madhehebu yetu hayamlazimishi mwenye uwezo kuharakisha papo hapo, lakini mtu mwenye milioni 18 za mapumziko hana neno la kusema kuwa hana uwezo wa kwenda Makka. Zungumzeni hilo pia.

Inabaki arbuni. Kwa Shafi na jamhuri ya wanazuoni, muuzaji kuila arbuni mnunuzi akijitoa hakufai. Hanbali wamekubali, na Baraza la Fiqhi katika kikao chake cha Brunei mwaka 1993 limeruhusu ikiwa muda wa kusubiri umewekewa mpaka. Wewe uliwekewa wiki mbili na karatasi umesaini, kwa hiyo wao wana kauli ya kushika. Lakini kinachosimamiwa na arbuni hiyo ni mkataba wenye riba na gharari, na mkataba wa namna hiyo haustahiki kuliwa arbuni yake. Una haki ya kuidai, kwa adabu.

Fanya hivi kabla wiki mbili hazijaisha: andika barua fupi kwamba hukubali masharti ya riba na ya kubadilishwa jedwali, unajitoa, na unaomba laki 5 yako. Ipeleke kwa mkono, wakugongee muhuri kwenye nakala, na uipige picha pamoja na stakabadhi. Usiende tena kwenye ukumbi wao kuongea, wala usikubali "tuongee kwa simu". Wakikataa, Tume ya Ushindani inapokea malalamiko ya walaji, na sheria ya ushindani ya mwaka 2003 inakataza udanganyifu katika kuuza. Wakikataa kabisa na wewe ukachoka, iache laki 5 iende, uihesabu kwa Mwenyezi Mungu, wala usiifuate kwa milioni 25.

Wallaahu a'lam.